Kikosi cha Kukodiwa, Kikosi Teule: Askari wa Wissmann na Warithi Wao katika Pwani ya Pangani na Tanga, 1889–1916

Utangulizi

Makala hii inafafanua asili, muundo na kazi ya kikosi cha askari wa kulipwa kilichoshushwa katika pwani ya Mrima mwaka 1889 chini ya Hermann Wissmann, ambacho miaka miwili baadaye kiligeuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni la Wajerumani, Schutztruppe. Eneo linaloangaliwa ni pwani ya kaskazini, yaani Saadani, Pangani na Tanga. Ndiko kikosi hicho kilikopata sifa yake ya kwanza, na ndiko kilikopata ushindi uliokitangaza duniani mnamo Novemba 1914.

Neno "teule" linahitaji tahadhari. Vikosi maalumu vya leo hutambulikana kwa uchache wa watu wake, ukali wa mchujo, mafunzo ya ziada na kazi ambazo jeshi la kawaida haliwezi kuzifanya. Kikosi cha Wissmann hakikuwa na jeshi la kawaida pembeni yake la kulinganishwa nalo. Kilikuwa ndicho jeshi zima. Hata hivyo, kilitimiza masharti hayo kwa namna yake. Watu wake walichaguliwa kwa uzoefu wa vita, walilipwa kuliko wafanyakazi wengi wa pwani, na walipewa kazi iliyozishinda manowari. Swali lililopo ni chanzo cha ubora wao. Maofisa wa Kijerumani walijibu kwamba yako makabila yaliyozaliwa kwa vita, Wasudani wakiwa mbele. Makala hii inashikilia kwamba jibu hilo halisimami mbele ya ushahidi wa Pangani na Tanga. Ubora wa kikosi ulitokana na mkataba, na hasa na mambo matatu yaliyokuwa ndani yake: ujira, kambi na ugeni.

Kwa nini kikosi kilihitajika

Mnamo Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani na ushuru wake. Agosti mwaka huohuo watumishi wa Kampuni wakaingia mijini kushika madaraka. Huko Pangani aliyetumwa alikuwa Emil von Zelewski. Kwa mujibu wa masimulizi mengi ya wakati huo, aliidharau bendera ya Sultani hadharani, na watu wake waliingia msikitini wakiwa na mbwa. Pangani wakati huo ulikuwa mji wa mashamba ya miwa na wa misafara ya pembe za ndovu, mji wenye matajiri wenye madeni na vijana wenye njaa ya heshima. Jonathan Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 1995, ameonyesha kwamba ghasia zilizofuata hazikuwa "maasi ya Waarabu" kama Berlin ilivyotangaza. Zilikuwa mgogoro mpana wa watu wa Mrima, wenye mashindano yao ya ndani kuhusu nani ana haki ya kuitwa muungwana na raia wa mji. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu jina la "maasi ya Waarabu" ndilo lililotumika kuombea fedha za kikosi kinachojadiliwa hapa.

Wawili ndio waliojitokeza kuwa viongozi: Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri bin Juma wa Saadani. Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani, alikwenda Pangani kutuliza hali, akafukuzwa. Manowari za Kijerumani ziliipiga Tanga kwa mizinga mnamo Septemba 1888, na mabaharia walishuka Bagamoyo kupigana mitaani. Kufikia mwisho wa mwaka, Kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Manowari iliweza kuvunja nyumba za ufukweni, ila haikuweza kumfuata mtu aliyeingia minazini na kuendelea hadi Usambara. Kuzuia bahari, kazi iliyoanza Desemba 1888 kwa ushirikiano wa Wajerumani na Waingereza, nako hakukuondoa hata boma moja la miti huko bara.

Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani. Wissmann, aliyekwisha kuvuka Afrika kwa miguu, aliteuliwa kuwa kamishna wa dola. Hakupewa vikosi kutoka Ujerumani. Alipewa fedha, akaambiwa atafute watu.

Waliokodiwa

Aliwapata wengi wao Kairo. Jeshi la Misri lilikuwa limepunguzwa baada ya kupotea kwa Sudani mikononi mwa Mahdi, na mjini humo walikuwapo askari wa Kisudani wasio na kazi pamoja na wake na watoto wao. Wissmann aliwaandikisha takribani 600. Kutoka Msumbiji ya Wareno aliletewa wengine takribani 100, ambao Wajerumani waliwaita "Wazulu" ingawa wengi wao walikuwa Washangaani. Idadi yao iliongezeka baadaye. Waliongezewa Wasomali wachache na askari waliokwisha kuajiriwa na Kampuni hapa pwani. Juu yao waliwekwa maofisa na masajini wa Kijerumani wasiofika 100.

Jina "Sudani" lenyewe lilificha mengi. Wengi wa askari hao walikuwa na asili ya Washiluki, Wadinka na Wanuba, na katika jeshi la Misri watu wa asili hiyo mara nyingi waliingizwa kwa kutekwa na kuuzwa. Kikosi kilichogharimiwa kwa jina la kukomesha utumwa kilikuwa, kwa sehemu kubwa, cha watu ambao utumwa ndio uliowafanya askari. Bunge la Berlin halikujadili jambo hilo.

Faida yao kwa Wissmann ilikuwa dhahiri. Walikwisha kujua gwaride, shabaha na kupiga risasi kwa pamoja kwa amri. Walikuwa Waislamu, na hilo lilipunguza nguvu ya wito wa dini upande wa pili. Juu ya yote, hawakuwa na mtu Mrima. Hawakuwa na shamba, mjomba, deni wala mlezi katika mji wowote kuanzia Tanga hadi Kilwa. Mpiganaji wa Bushiri aliyejeruhiwa aliweza kurudi kwa ndugu zake. Msudani aliyelitoroka jeshi mwaka 1889 hakuwa na pa kwenda. Utiifu uliosifiwa sana na maofisa ulikuwa na msingi huo wa kijiografia.

Pangani na Tanga, 1889

Mapigano ya kwanza yalikuwa nje ya eneo hili, lakini ndiyo yaliyoweka mfano. Tarehe 8 Mei 1889 kikosi kilishambulia boma la Bushiri karibu na Bagamoyo. Mizinga midogo ilitoboa uzio wa magogo, kisha askari wakaingia kwa bayoneti. Takribani watetezi 100 waliuawa. Bushiri mwenyewe alitoka salama, na hilo ni la kukumbukwa kila anapotajwa ushindi huo. Saadani ilishambuliwa mwezi Juni. Julai ilifika zamu ya Pangani: manowari zilipiga kutoka baharini huku askari wakishuka na kuushika mji. Siku chache baadaye Tanga ikachukuliwa kwa upinzani mdogo.

Hapa ndipo tofauti kati ya kikosi hiki na mabaharia wa mwaka uliotangulia inapoonekana. Mabaharia walipiga, wakarudi melini. Askari wa Wissmann walibaki. Katika kila mji walijenga au kukarabati boma, wakalitia watu, wakatoka humo kufuata njia za misafara. Mbinu ilikuwa kutembea usiku, kuufikia mji au ngome alfajiri, kupiga kwa ghafla, kuchoma nyumba na akiba ya chakula, na kurudi bomani. Katika lugha ya kijeshi ya leo hilo lingeitwa doria ya mashambulizi. Kwa mkulima wa bonde la Mto Pangani, ulikuwa mwaka wa ghala kuteketea. Nguvu ya kikosi ilikuwa katika mwendo na moto kwa pamoja, na taarifa za maofisa wenyewe zinataja uchomaji wa vijiji kama kazi ya kawaida, bila kuona haja ya kuueleza.

Bushiri alikwenda bara, akashambulia kituo cha Mpwapwa, akarudi pwani na wapiganaji wa Kimbunga, akashindwa. Mnamo Desemba 1889 alikamatwa na jumbe wa bara, akakabidhiwa kwa Wajerumani. Tarehe 15 Desemba alinyongwa Pangani. Kikosi teule hakikumkamata. Kilichomkamata ni hesabu ya jumbe mmoja aliyeona upepo umegeuka, pamoja na zawadi iliyotangazwa. Bwana Heri aliendelea kupigana katika maboma ya nyuma ya Saadani hadi njaa ilipowabana watu wake, akajisalimisha Aprili 1890 kwa masharti yaliyomwachia heshima. Katika matukio yote mawili bunduki iliandaa mazingira, lakini mwisho uliletwa na mashauri na njaa.

Ushahidi wa upande wa pili upo, tena kwa Kiswahili. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa pwani hiyohiyo ya Tanga, aliandika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliochapishwa katika miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen. Watafiti wa fasihi wameusoma zaidi kwa ajili ya bahari yake na msimamo wake wa kidini. Kwa mwanahistoria wa jeshi, thamani yake ni kwamba unaitazama vita kutoka mjini kuelekea baharini na bomani, wakati ambapo karibu nyaraka nyingine zote zinaitazama kutoka bomani kuelekea mjini.

Mkataba, kambi na lugha

Machi 1891 sheria ya dola ya Ujerumani iliunda Schutztruppe, na watu wa Wissmann wakawa kiini chake. Miezi mitano baadaye, Zelewski yuleyule wa Pangani aliongoza msafara mkubwa kwenda Uhehe na kuuawa Lugalo tarehe 17 Agosti pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wahehe waliwashambulia wakiwa njiani, safu ikiwa imenyooka na bunduki nyingi hazijawa tayari. Waliokufa ni askari walewale waliotajwa kuwa wa asili ya vita. Walipokosa nafasi ya kujipanga, asili hiyo haikuwaokoa.

Kisha chanzo cha Kairo kikakauka. Misri ilikuwa chini ya Waingereza, nao waliwahitaji Wasudani kwa vita vyao wenyewe vya kuirudisha Sudani. Wajerumani wakageukia Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, watu ambao wengi wao walikuwa na uzoefu wa misafara ya wapagazi iliyokuwa ikishuka Bagamoyo, Saadani na Pangani. Kama nadharia ya makabila ya vita ingekuwa kweli, ubora ungeshuka. Haukushuka. Kilichobaki vilevile ni mkataba.

Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014, ameeleza kwamba askari hawa walikuwa wakitafuta utu uzima wenye heshima: nyumba, wake, watumishi, mifugo, na neno lenye uzito mbele za watu. Kambi iliwapa yote hayo. Mke wa askari alipika, alifuata msafara na kulea watoto kambini. Kijana mtumishi, yaani boi, alibeba bunduki na mkeka. Ujira wa rupia ulilipwa kwa mwezi na ulizidi kwa mbali ule wa kibarua wa mashamba ya mkonge yaliyokuwa yakienea kuzunguka Tanga. Kwa hiyo nidhamu ya kikosi haikuwa ya gwaride pekee. Mtu aliyefukuzwa jeshini alipoteza nyumba nzima.

Vyeo vilihifadhi njia ambayo kikosi kilipitia. Ombasha, shaushi, betshaushi na efendi ni maneno ya jeshi la Dola ya Uturuki yaliyofika Mrima kwa kupitia Misri. Efendi ndilo asili ya "afande", neno ambalo hadi leo polisi na mwanajeshi wa Tanzania huitwa nalo na watu wasiojua kwamba limetoka Istanbul. Amri za gwaride zilikuwa za Kijerumani, lakini maisha ya kambi yalikwenda kwa Kiswahili, na mtoto wa Msudani na Mnyamwezi aliyezaliwa bomani alikua akizungumza lugha hiyo. Pamoja na shule ya serikali ya Tanga, kambi za askari zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo Kiswahili kilipata sauti yake ya kiserikali: sauti ya kuamuru, kuhesabu kodi na kuhukumu viboko. Wasifiaji wa kuenea kwa Kiswahili huwa hawapendi kukaa sana katika kipengele hicho.

Tanga, Novemba 1914

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Schutztruppe ya Afrika Mashariki ilikuwa na takribani askari 2,500 na Wajerumani 260, waliogawanywa katika kombania 14 za vitani. Kila kombania ilijitegemea: ilikuwa na bunduki zake za rashasha, wapagazi wake, mganga wake, na iliweza kutembea wiki kadhaa bila kuungwa mkono. Muundo huo wa kizazi cha Wissmann, uliobuniwa kwa ajili ya kuwapiga raia wa koloni, sasa ulijaribiwa dhidi ya jeshi la dola nyingine. Bunduki nyingi zilikuwa za mfano wa mwaka 1871, zenye kutoa moshi mzito unaomfichua mpigaji.

Tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza Fox iliingia Tanga na kudai mji usalimishwe. Nyuma yake zilikuja meli zilizobeba takribani watu 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken. Muda uliopotea kwa mazungumzo na kwa kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo, Paul von Lettow-Vorbeck aliutumia kusafirisha kombania zake kutoka eneo la Kilimanjaro kwa reli ya Usambara, iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Kikosi kilichosifiwa kwa miguu kilifika kwa garimoshi. Waingereza walishuka Ras Kasone, upande wa mashariki wa mji, na shambulio lao la tarehe 3 lilizuiwa na kombania ya 17 pamoja na nyongeza ndogo. Usiku huo Lettow-Vorbeck, kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia mjini na kuukagua kwa baiskeli.

Tarehe 4 shambulio kubwa lilikuja kupitia mashamba na vichaka, katika joto la mchana, kwa watu waliotoka kukaa wiki kadhaa melini. Baadhi ya vikosi vya India vilivunjika mapema. Vingine, hasa wanajeshi wa Kashmir na batalioni ya Kiingereza ya North Lancashire, viliingia mjini na kupigana nyumba kwa nyumba. Nyuki waliotimuliwa kutoka mizingani waliwauma watu wa pande zote, na tangu hapo wamepewa sehemu ya ushindi iliyo kubwa kuliko stahili yao. Tom von Prince, ambaye Waafrika walimwita Bwana Sakarani na ambaye alikuwa mtu wa tangu enzi za vita vya mwanzo, aliuawa siku hiyo. Kilichoamua ni kombania za akiba zilizozunguka ubavu wa kusini wa Waingereza zikiwa na bunduki za rashasha. Waingereza walirudi Ras Kasone na tarehe 5 wakaondoka, wakiacha mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Watu wao waliouawa, kujeruhiwa au kupotea walizidi 800. Watetezi walikuwa kama 1,000 tu.

Sifa ya "askari asiyeshindwa" ilizaliwa hapo, na inafaa kuipima kwa maneno ya kamanda mwenyewe. Lettow-Vorbeck aliandika kwamba katika kilele cha vita baadhi ya askari walirudi nyuma, na ofisa mmoja, kwa ghadhabu, akamrushia chupa tupu askari mmoja aliyekuwa akirudi. Aliandika pia kwamba jioni, kwa sababu ya mlio wa tarumbeta uliofahamika vibaya, kombania zilirudi kambini magharibi mwa mji, na Tanga ikabaki karibu tupu kwa saa kadhaa. Waingereza hawakujua. Nidhamu ileile iliyowafanya watu wazunguke ubavu kwa utaratibu mchana iliwafanya watii tarumbeta ya makosa usiku. Habari kama hizi hazimpunguzii askari heshima. Zinamwonyesha kuwa mtu aliyefunzwa kazi fulani, mwenye hofu na mwenye kuchoka, wala si kiumbe wa asili ya pekee.

Baada ya ushindi

Waingereza waliitwaa Tanga tarehe 7 Julai 1916, mara hii kutoka nchi kavu. Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana kusini hadi alipojisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na Ujerumani ikajijengea hekaya ya askari mwaminifu aliyemfuata bwana wake hadi mwisho. Hesabu za Wajerumani wenyewe haziungi mkono hekaya hiyo: maelfu ya askari walitoroka, walipotea au walitekwa. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha Keya kwa kuwaandikisha askari waliokuwa wa Wajerumani. Watu hao walibadilisha bendera bila kubadilisha kazi. Hilo linawashangaza tu wale waliodhani kwamba msingi wa jeshi lile ulikuwa mapenzi kwa Kaisari. Anayetazama ujira na kambi haoni ajabu: mwajiri wa kwanza alishindwa kulipa, wa pili akawa na chakula.

Wapagazi hawakuwa na nafasi ya kubadilisha lolote. Walitolewa kwa nguvu katika wilaya za Tanga, Pangani na Usambara kama kwingineko, na walikufa kwa njaa na magonjwa kwa idadi iliyozidi ile ya askari. Kikosi chepesi kinachotembea wiki kadhaa bila kuungwa mkono kilikuwa kikiungwa mkono na migongo yao wakati wote.

Kabla ya vita hiyo, Wajerumani walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya Wissmann. Kamishna alisimama juu, akitazama mbali. Chini yake alichongwa askari akishusha bendera juu ya simba aliyekufa. Askari huyo hakupewa jina. Waingereza waliiondoa sanamu baada ya kuutwaa mji mwaka 1916, ikapelekwa Uingereza, kisha ikasimamishwa tena Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Mnamo 1927 Waingereza walizindua sanamu yao katikati ya Dar es Salaam, ya askari wa Keya akiwa na bunduki yenye bayoneti, peke yake juu ya jiwe, bila kamishna. Pangani, mahali ambapo kikosi kilijifunza kuwa kikosi, hapakujengwa sanamu ya askari wala ya Bushiri.